Je, wajua kwa nini maharamia wa Penzance walitua New York kabla ya London?

Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1879, watu wa New York walijaa katika ukumbi wa Fifth Avenue kutazama opereta mpya, yaani mchezo wa kuchekesha unaoimbwa, The Pirates of Penzance. Aliyeandika maneno, W. S. Gilbert, alikuwa Mwingereza. Aliyetunga muziki, Arthur Sullivan, Mwingereza. Mtayarishaji, Richard D'Oyly Carte, vilevile. Hata Penzance yenyewe ni mji wa pwani ya Cornwall, huko Uingereza. Kwa nini basi London ilisubiri hadi Aprili 1880?

Kwa sababu kazi yao iliyotangulia iliwafunza adabu.

Kazi hiyo ni H.M.S. Pinafore, iliyoanza tarehe 25 Mei 1878 katika ukumbi wa Opera Comique, London. Mwanzoni ilikaribia kufa. Joto la kiangazi liliwafukuza watazamaji, na wakurugenzi waliotoa mtaji wakawa kila mara wanabandika tangazo la kufunga. Kisha upepo ukageuka na tiketi zikaanza kugombewa.

Sifa zilivuka bahari haraka kuliko waigizaji. Novemba 1878 Boston ilikuwa tayari na Pinafore yake, bila ruhusa ya mtu. Baada ya hapo ikawa bandika bandua: maonyesho kama 150 ya wizi nchini Marekani, na wakati fulani New York peke yake ilikuwa na manane kwa mpigo. Gilbert na Sullivan hawakuona hata senti moja ya mrabaha. Na wala hapakuwa na kosa la kushtakiwa. Sheria ya Marekani haikulinda hakimiliki ya mgeni hadi mwaka 1891, kwa hiyo kitabu cha nyimbo kikishachapishwa London, mtayarishaji wa Marekani alikinunua dukani, akaajiri wanamuziki, kazi ikaanza.

Carte alipanda meli kwenda Marekani kupanga namna ya kujibu. Huku nyuma, ukumbi wake ukaingiliwa. Haki za wale wakurugenzi zilikuwa zinakwisha tarehe 31 Julai 1879, nao walijua kwamba Carte ameshaelewana na Gilbert na Sullivan wagawane faida watatu tu. Usiku huohuo, onyesho likiwa linaendelea, walituma watu wa kukodi waingie nyuma ya jukwaa wabebe mandhari na vifaa vyote. Mafundi wa jukwaa wakawapokea kwa ngumi. Msimamizi wa jukwaa, Richard Barker, akaumizwa, na watazamaji waliokuja kucheka wakaanza kutafuta milango. Wavamizi walifukuzwa, lakini kesho yake tu wakurugenzi walifungua Pinafore yao katika ukumbi mwingine, London ikawa na mbili zinazoshindana. Ile ya pili haikufika mbali. Ilikufa baada ya maonyesho 91, na ile ya Carte ikafikisha 571.

Ndipo ukaja ule mpango wa Desemba. Opereta mpya ingeanzia New York, chini ya mkono wa watunzi wenyewe, na nota zisichapishwe. Kila usiku karatasi za wanamuziki zilikusanywa na kufungiwa kwenye sefu. Ila palikuwa na tatizo: kazi ikionyeshwa kwanza ugenini, watunzi wangepoteza haki zao Uingereza. Wakaliziba pengo hilo kwa onyesho ambalo mimi ningelipia kuliona kuliko lile la New York. Tarehe 30 Desemba, kundi la Carte lililokuwa likizunguka Devon, huko Uingereza, na Pinafore lilipelekwa mji mdogo wa Paignton. Waigizaji walipanda jukwaani wakisoma maneno kwenye karatasi mkononi, wamevaa maleba yaleyale ya wanamaji wa Pinafore, na leso kichwani ili wafanane na maharamia. Sheria ikaridhika.

Sullivan naye alikuwa na shida yake. Aligundua New York kwamba amesahau London rasimu za muziki wa sehemu ya kwanza, ikabidi akumbuke na kuandika upya.

Wengi huona kijembe katika jina la opereta hiyo, na Mswahili hahitaji kufasiriwa, maana kwetu pia neno uharamia lilishatoka baharini likaingia kwenye kanda na sidii za kunakili.

Mbinu hiyo haikumaliza wizi, ila ilimfanya Carte awe mjanja zaidi. Mwaka 1885, aliposikia kwamba mtayarishaji James Duff wa New York anataka kumtangulia na The Mikado, opereta nyingine ya Gilbert na Sullivan, alinunua mavazi ya Kijapani London na Paris ili mwenzake asiyapate, kisha akawapakia waigizaji wake kwa siri katika meli ya Aurania. Walifungua tarehe 19 Agosti. Duff alifungua tarehe 24.