Lekchara mwenzangu, acha kukata maksi za "organize"

Msimu wa kusahihisha ukifika tu naanza kusikia wimbo uleule ofisini, eti "huyu kaandika Kimarekani, nimemkata", kisa mwanafunzi kaandika "organize" kwa z badala ya "organise" kwa s. Nimechoka jamani. Nafundisha stadi za mawasiliano hapa chuoni, acha niseme.

DHANA: Kiingereza sahihi ni cha Uingereza, vingine ni makosa.

Kipi cha Uingereza? Cha Glasgow, Liverpool au cha watangazaji wa zamani wa BBC? Ile lafudhi tuliyoaminishwa ndiyo yenyewe, RP (Received Pronunciation, lafudhi ya Waingereza wa tabaka la juu), mwanaisimu Peter Trudgill mwaka 1974 alikadiria wanaoiongea ni kama asilimia 3 tu ya Waingereza, sasa wewe wa Mbeya unamdai mtoto wa Shinyanga kitu ambacho Waingereza wenyewe karibu wote hawana!

Na hiyo "organize" unayoizungushia wino mwekundu, fungua kamusi kubwa ya Oxford uone imeandikwaje: kwa z. "Gotten" (wengine huandika "got") nayo ilitoka hukohuko Uingereza, wahamiaji wakaenda nayo Marekani, Waingereza wengi wakaja kuiacha. Nakubali "color" na "center" ni za Kimarekani, mtunga kamusi Mmarekani Noah Webster alizikomalia kwenye kamusi yake ya 1828, ila kuwa ya Kimarekani sio kosa, hata IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanapokea zote mbili. Kosa ni kuchanganya, aya hii "colour" inayofuata "color", hapo kata na mimi nitakuunga mkono. Ndo maana kila mwaka nawaambia wanafunzi, kabla hujaandika hata jina lako nenda kwenye Word uchague lugha ya dokumenti, kompyuta nyingi zinakuja zimesetiwa Kiingereza cha Marekani na mwanafunzi wala hajui. Hawasikii.

DHANA: Mwenye lafudhi ya kikwao hajui Kiingereza.

Lafudhi na sarufi ni vitu viwili. Kuna watu wanatoa sauti puani kama wamezaliwa London halafu hoja hamna, na kwenye prezentesheni wanapewa maksi za juu kuliko yule wa "ploblem" aliyesoma kweli. Hii inaniuma.

DHANA: Kiingereza ni cha wazungu, sisi tunaazima tu.

Wanaokitumia kama lugha ya pili ni wengi kuliko waliozaliwa nacho. Mwanaisimu Braj Kachru alishalieleza hili toka 1985. Na Oxford wenyewe mwaka 2022 waliingiza "nyama choma" na "chips mayai" kwenye kamusi yao.

DHANA (hii ya wanafunzi): Nikikosea naitetea, "hiyo ni Tanzanian English".

Hapana bwana. "He go" ni kosa tu, hakuna lekchara wa hapa anayeandika hivyo. "Discuss about" ndo ina utata, vitabuni ni "discuss" tu bila "about", lakini Afrika Mashariki nzima tunaisema, mpaka maprofesa. Kwenye tasnifu bado naipigia mstari maana mtahini wa nje ataipiga, lakini kwa penseli, na maksi sikati.