Hesabu mizani kwanza, hisia baadaye

Kila nikianza darasa jipya la ushairi wa jukwaani, hakosi mmoja aliyetazama video ya Victoria Santa Cruz, msanii Mweusi wa Peru, makofi na waitikiaji nyuma yake, akaja kuniambia: "Mwalimu, mimi nataka ule wa Weusi wa Peru. Hauna vina wala mizani, ni hisia tu." Mwezi huu nimeambiwa mara tatu.

Mdogo wake Victoria, Nicomedes (1925–1992), alikuwa mhunzi jijini Lima. Mwaka 1956 aliachana na nyundo akashika ushairi, na baadaye ndugu hao wakaanzisha pamoja Cumanana, kundi la ngoma na maigizo. Bahari kuu ya Nicomedes, yaani aina ya shairi aliyoitegemea, ilikuwa desima. Ubeti wa desima una mishororo 10, kila mmoja mizani 8 kama utenzi wetu. Mshororo wa 1, 4 na 5 ina kina kimoja. Wa 2 na wa 3 kingine. Wa 6, 7 na 10 kina cha tatu. Wa 8 na wa 9 cha nne. Na mtindo aliourithi kwa wazee wa desima kama Porfirio Vásquez unabana zaidi: unatanguliza mishororo 4, kisha unatunga beti 4 za desima, kila ubeti ukifungwa kwa mshororo mmoja wa ile ya mwanzo, kwa zamu. Jumla mishororo 44. Haya, hisia tu?

Juzi kijana mmoja aliniletea "ushahidi": kahesabu mshororo wa Nicomedes, kapata silabi 7. Kumbe hata bingwa hukosea! Hakukosea. Kwa Kihispania mshororo ukiishia kwenye silabi yenye mkazo huongezewa mizani moja, na irabu mbili zikikutana baina ya maneno kwa kawaida huhesabiwa moja. Ndiyo maana nasisitiza mpaka nachosha: soma kwa sauti, hesabu kwa vidole, ndipo uguse maikrofoni. Hata hiyo video ya Victoria, irudie ukisikiliza waitikiaji tu. Hawatangulii, hawachelewi.

Mengine wanayokosea nayapitia haraka. Kahoni, lile sanduku la mbao unalolikalia ukilipiga, si ala ya Wahispania. Ni ya Peru. Paco de Lucía, mpiga gitaa Mhispania, alilikuta huko miaka ya 1970 akaliingiza kwenye flamenko, muziki wa kwao. Peru ililitangaza urithi wa taifa mwaka 2001.

Kwamba lando, ngoma ya Weusi wa Peru, inayochezwa leo ndiyo ile ile ya enzi za utumwa? Hapana. Mengi yalikuwa yamesahaulika, na akina Santa Cruz waliyaunda upya kutoka vipande vilivyobaki kwa wazee. Victoria mwenyewe alisema anategemea kumbukumbu ya mababu iliyomo mwilini. Mimi sioni aibu katika kuunda upya. Aibu ni kuwauzia watu kama kitu kisichoguswa.

Na anayeniuliza kama Peru kweli ina Weusi: katika sensa ya 2017 walijitambulisha zaidi ya laki nane. Tarehe 4 Juni, siku aliyozaliwa Nicomedes, ndiyo siku rasmi ya utamaduni wao.