Kuta za seli za nafaka: kilichomo ndani ya wishwa

Ukuta wa seli ni ganda jembamba linaloizunguka kila seli ya mmea. Punje ya ngano, mtama au mahindi ni seli nyingi zilizobanana, na kila moja ina ukuta wake. Samaki na nyama havina kuta hizo. Seli zao zimezungukwa na utando laini tu, ndiyo maana changu na nguru, pamoja na utamu wao wote, havina nyuzinyuzi hata chembe. Daktari akikwambia ule nyuzinyuzi za nafaka, karibu zote anazozungumzia ni kuta hizi.

Ukuta umejengwa kwa sukari zilizoshikana zikawa minyororo mirefu. Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa kule Mokowe au Hindi, huko Lamu, ataelewa mara moja: kuna fito, na kuna udongo uliokandikwa baina yake. Fito ni selulosi, yaani minyororo iliyonyooka ya glukosi. Udongo ni hemiselulosi, na kwenye nafaka mbili ndizo kubwa: arabinozailani na beta-glukani. Kuna pia asidi feruliki, ambayo huufunga mnyororo mmoja wa arabinozailani na mwenzake ukuta ukakaza. Kwenye maganda ya nje huongezeka lignini, ile ile inayoupa mti ugumu wake, pamoja na protini kidogo.

Kuta hazilingani punje nzima. Maganda ya nje, yanayotoka kama wishwa tunapotwanga na kupepeta, yana kuta nene na kavu. Chini yake lipo tabaka la aleuroni, ambalo kwenye ngano ni safu moja tu ya seli. Kuta zake ni nene pia, na ndani yake mmejaa madini, vitamini za kundi B na protini nzuri. Ukiingia katikati, kwenye akiba ya wanga, kuta zinakuwa nyembamba sana. Basi kinu kinapoondoa wishwa na aleuroni kwa pamoja, ndipo hasara inapoingia. Unga wa ngano nzima una takriban gramu 11 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Unga mweupe wa mahamri na chapati una kama 3. Mchele mweupe, ambao ndio tunaoupika kwa tui karibu kila siku, una chache zaidi kuliko hapo.

Kila nafaka nayo ina tabia yake. Kuta za katikati ya punje ya ngano ni arabinozailani kwa takriban asilimia 70, na beta-glukani kama asilimia 20. Shayiri imegeuza hesabu hiyo: beta-glukani ndiyo inayofika kiasi cha asilimia 70. Hilo ndilo linaloeleza ute wa talbina, ule uji wa unga wa shayiri uliotajwa kwenye hadithi za Mtume (S.A.W.) kuwa chakula cha mgonjwa na mfiwa. Beta-glukani huyeyuka kwenye maji na kuyafanya mazito. Tumboni uzito huo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na huzishika chumvi za nyongo zikatoka na choo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, inayochotwa kwenye damu. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vya oti, nafaka nyingine yenye beta-glukani, kuandikwa kwamba vinasaidia moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Mtama na mahindi havina beta-glukani nyingi. Arabinozailani yao imefungwa sana na haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kukipa choo wingi na kukisukuma.

Sasa, kwa nini hatuzisagi kuta hizi tumboni kama tunavyosaga wanga? Selulosi ni glukosi, na wanga ni glukosi. Tofauti ni namna kiungo baina ya glukosi mbili kilivyoelekea. Vimeng'enya vyetu hukata kiungo cha wanga, cha selulosi haviwezi. Punda naye hana kimeng'enya hicho, lakini ana utumbo mkubwa uliojaa bakteria wanaomfanyia kazi hiyo, na ndiyo maana ananawiri kwa majani makavu na wishwa. Sisi pia tunao bakteria kwenye utumbo mpana, ingawa uwezo wetu ni mdogo kuliko wake. Wanachachua beta-glukani na sehemu ya arabinozailani, na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndicho chakula kikuu cha seli zinazotandika utumbo mpana. Nyuzinyuzi basi hazipiti bure: kwa wastani gramu moja hutupatia kama kilokalori 2, ilhali wanga hutoa 4.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazami, nalo naliona kubwa kuliko hesabu ya gramu. Ukuta mzima ni kizuizi. Wanga uliomo ndani ya seli isiyopasuka haufikiwi upesi na vimeng'enya, na sukari hupanda polepole. Nafaka iliyopaazwa, yenye chenga, bado ina seli nyingi nzima. Ukiisaga ikawa laini kama poda, nyuzinyuzi zimebaki zote lakini kizuizi kimevunjika. Bokoboko inayopondwa mpaka ikalainika ni hivyo hivyo. Mwenye kisukari asitazame rangi ya unga peke yake, auguse pia vidoleni. Mkate wa mofa wa mtama uliopaazwa si sawa na ule wa mtama uliosagwa mara mbili.

Kuta hizi zina upande mgumu pia. Karibu nazo, ndani ya seli za aleuroni, ndimo inamokaa fitati, inayoshika chuma na zinki tusizifyonze vizuri. Kwa mtoto mdogo hilo ni muhimu, na tumbo lake hujaa haraka. Uji wake ni bora utoke kwenye nafaka iliyorowekwa, iliyochachushwa au iliyofanywa kimea, kwa sababu mbegu inapoota hutoa vimeng'enya vinavyobomoa kuta na fitati pia.

La mwisho ni kuvu. Sumu ya aflatoksini kwenye mahindi hukusanyika zaidi kwenye maganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya. Joto na unyevu wa pwani yetu huipa kuvu nafasi nzuri. Anayetaka kula mahindi na wishwa wake ahakikishe yamekaushwa mpaka unyevu ukashuka hadi asilimia 13.5 au chini yake, na kwamba hayakulazwa sakafuni wala kupigwa na mvua njiani. Yakiwa na ukungu au yakibadilika rangi, asile, na kuku asiwape.