Mikono Haitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kusomea Upasuaji

"Dokta, huyu wangu ana mikono. Atakuja kuwa mpasuaji kama wewe." Maneno haya nayasikia kliniki hapa Mwanza mpaka nimeyachoka, kwa wazazi wa Igoma, wa Magu, wa Sengerema, na wanaovuka maji kutoka Ukerewe. Kinachobadilika ni ushahidi. Mmoja mwanawe anafungua simu iliyokufa na kuirudisha ikawaka. Mwingine kijana wake anapasua sangara pale Mwaloni, Kirumba, minofu inatoka safi haina mwiba. Wa tatu binti yake haogopi kisu, kuku wa sikukuu anachinja yeye. Nauliza: Fizikia anapata nini? Mzazi anacheka. "Aa, Fizikia aliiacha Kidato cha Tatu, dokta. Huyu ni mtu wa vitendo."

Nani aliwaambia kwamba sisi wa thieta, chumba cha upasuaji, si watu wa vitabu?

Hiyo ndiyo dhana inayonikera kuliko zote: kwamba upasuaji ni kipaji cha mikono, na mtoto mwenye mikono keshamaliza nusu ya safari. Ukweli ni kwamba mikono ndiyo sehemu rahisi kufundisha. Daktari kijana anatujia akiwa ameshika kishikio cha sindano kama koleo la mkaa. Anapewa uzi. Anafunga mafundo kwenye mguu wa kiti, kwenye kitasa cha mlango, kwenye kifungo cha koti lake, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mpaka anafunga huku anapiga soga. Anashona ganda la ndizi, halafu mguu wa mbuzi. Miezi ikipita, vidole vinatulia. Anayetumia kushoto anajifunza, mwenye miwani vivyo hivyo. Sijamwona aliyeshindwa kazi hii kwa sababu ya vidole. Niliowaona wakishindwa, walishindwa kuamua.

Na kuamua ndiyo kazi yenyewe. Kanda yetu hii ya Ziwa ina watoto wengi wenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Analetwa mmoja wa miaka tisa, tumbo linauma, limekaza, ana homa. Inaweza kuwa kidole tumbo kinachotaka kisu usiku huohuo. Inaweza kuwa maumivu ya sikoseli yenyewe, ambayo hutulizwa kwa maji ya mshipani, dawa za maumivu na uangalizi wa karibu, na ukimpasua umemwongezea hatari bure. Inaweza kuwa taifodi iliyotoboa utumbo, na hapo kila saa unayochelewa anailipa yeye. Mpasua sangara hana haja ya kujiuliza kama samaki huyu apasuliwe au aachwe.

Anayetaka mfano wa mtu amtazame Denis Burkitt, mpasuaji Mwairishi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, upande wa pili wa ziwa letu. Jicho moja alilipoteza akiwa mtoto wa miaka 11. Kwa vipimo vya wazazi wangu wa kliniki, angeshauriwa atafute kazi nyingine. Mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika, ambao leo unaitwa kwa jina lake na tunaukuta hapa Mwanza pia. Wengi walikuwa wakiona uvimbe wa taya peke yake na wa tumbo peke yake. Yeye akaona ni ugonjwa mmoja. Na ugonjwa huo uliompa sifa hutibiwa kwa dawa za saratani, si kwa kisu.

Turudi kwenye Fizikia, maana huko ndiko watoto wanakopotelea. Ili kusomea udaktari wa binadamu, vyuo vyetu vinataka Fizikia, Kemia na Biolojia za Kidato cha Sita, zote tatu kwa prinsipo, ufaulu kamili wa ngazi hiyo. Yaani mchepuo wa PCB. Aliyekimbilia CBG kwa kuwa Jiografia ni nyepesi anaweza kuwa na Biolojia ya A na Kemia ya A, na bado MD, shahada ya udaktari, haimhusu. Wengi wanaligundua hilo wakati wanajaza maombi ya chuo. Njia ya stashahada ya utabibu ipo na ni halali: miaka 3, GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, kisha unaomba MD. Lakini hata huko, Fizikia ya Kidato cha Nne lazima uwe umeifaulu. Kwa hiyo aliyeifuta akiwa na miaka 15 keshakata njia zote mbili, na nyumbani bado wanamwita dokta.

Tena si sharti la karatasi tu. Dereva wa bodaboda ameanguka Buzuruga, mbavu zimevunjika, damu imejaa kifuani. Tunamwekea mrija, ncha yake ya nje inazama kidogo kwenye maji ndani ya chupa, na chupa inakaa chini ya usawa wa kifua. Ndugu mwenye huruma akiinyanyua na kuiweka kitandani, maji yanaweza kurudi kifuani. Mashine ya kuunguza mishipa inayovuja damu inapitisha umeme mwilini mwa mgonjwa. Bamba la kurudishia umeme lisipogusa ngozi sawasawa, linamuunguza paja. Kwenye upasuaji wa matundu madogo tunajaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa kawaida kwa kanieneo, yaani presha, ya milimita 12 hadi 15 za zebaki. Ukizidisha unabana damu inayorudi moyoni. Mtu wa vitendo asiyejua kwa nini anafanya anachofanya, mimi simtaki mezani kwangu.

Niitwe mkali, sawa, lakini ushauri wangu haubadiliki: kama nyumbani kuna hela ya tuisheni ya somo moja, iende Fizikia, na ianze kabla mtoto hajaichukia.

Dhana nyingine nazipitia upesi.

Kwamba anayezimia akiona damu hafai. Wanafunzi wa mwaka wa tatu huanguka thieta, hasa waliokuja bila kunywa chai na kusimama magoti yamekakamaa. Kula kwanza, chezesha miguu, ukiona kiza rudi nyuma ukae sakafuni. Usiangukie meza ya vifaa, basi. Wengi huzoea.

Kwamba kazi hii si ya wanawake. Hii sina subira nayo. Wapo, wanapasua, wanafundisha, na baadhi ya wanaume wanaosema hivyo wameshonwa nao.

Kwamba lazima uende Dar au nje ya nchi. MD inasomwa hapahapa CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichoko mlimani Bugando, na ubingwa wa upasuaji pia. Kuna na njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, makao yake Arusha. Huko daktari hujifunza ubingwa huku akifanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa.

Kwamba ni ya watoto wa matajiri. Ghali ni ghali, sikatai. Lakini mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, upo, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kuna Samia Scholarship, ufadhili wa serikali kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Mnaona somo gani linarudi tena.

Kwamba ni miaka mitano tu. Mitano ni ya MD. Kuna mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na wengi hufanya kazi kwanza kabla ya kurudi kusomea ubingwa, miaka mitatu au zaidi kutegemea fani na njia. Mzazi anayepanga kuezeka nyumba kwa mshahara wa bingwa mwenye miaka 25, ahesabu upya.

Ya mwisho ni ombi zaidi kuliko dhana: "Dokta, mchukue thieta likizo hii aone, apate moyo." Hapana. Aliyelala pale ni mama wa mtu, na hakukubali kutazamwa na mtoto wa jirani yake. Anayetaka kuanza mapema ajiunge na klabu ya Msalaba Mwekundu shuleni, ajifunze kuzuia damu na kumlaza vizuri aliyezimia. Na akishapata nafasi ya chuo, kabla ya godoro na kabla ya koti jeupe, akaulizie chanjo ya homa ya ini B na kutunza kadi yake. Dozi ni tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo azimalize kabla hajapangiwa wodi, asisubiri siku sindano ipenye glovu.