Akuaponiki nyuma ya nyumba: maji yawe tayari kwanza, samaki waje baadaye

Kila tukienda kuelimisha watu juu ya akuaponiki, yaani kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale, pampu inayatoa tangi la samaki kwenda kitanda cha kokoto chenye mboga alafu yanarudi, iwe Wakiso, Mukono ama Mbarara, tunakutana na malalamiko yale yale. Mtu amenunua tangi, pampu na nailoni ya grinihausi, asubuhi amejaza maji, jioni akamwaga vifaranga vya ngege (tilapia) ndani, wiki ya pili samaki wanaelea tumbo juu na sukuma wiki imekuwa manjano. Alafu anasema akuaponiki ni mambo ya wazungu, Uganda haiwezekani. Inawezekana sana ndugu zangu, tena joto letu la mwaka mzima linatusaidia kuliko wale wa nchi za baridi, ila kuna hatua moja watu wanairuka na hiyo ndiyo inabeba zingine zote.

Sikiliza kinachoendelea ndani ya maji. Samaki akila anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye matamvua yake, na amonia ikizidi inamuua yeye mwenyewe. Sasa kuna bakteria wanaokaa juu ya kokoto na kwenye kuta za tangi, kundi la kwanza (Nitrosomonas na wenzake) linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kundi la pili (Nitrospira na Nitrobacter) linageuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo mbolea ambayo mboga inaipenda. Mboga inakula, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Bakteria hao huwezi kuwanunua na vifaranga, wanazaliana wenyewe na wanataka muda, kwa joto letu la Kampala hesabu wiki 4 mpaka 6, Kabale kwenye baridi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo wiki hizo pampu inazunguka bila samaki. Weka maji, washa pampu, kila siku tupia chakula cha samaki kidogo tu, ujazo wa kijiko cha chai, kioze ndani kitoe amonia. Kama una jirani mwenye mfumo unaofanya kazi na samaki wake ni wazima, muombe ndoo moja ya kokoto zake uchanganye na zako, utapunguza siku nyingi. Nunua kipimo cha matone, kile cha kutia maji kwenye kichupa alafu unalinganisha rangi na karatasi. Amonia ikiwa hakuna rangi inabaki manjano, ikianza kuwepo inaenda kijani, kadri kijani inavyokolea ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Utaona amonia inapanda kwanza, alafu inashuka na nitriti inapanda, alafu nitriti nayo inashuka na nitrati inatokea. Siku amonia na nitriti zote zimesoma sifuri na nitrati ipo, hapo maji yako tayari. Miche unaweza kuiweka mapema kidogo, mara tu nitrati ianze kuonekana, lakini samaki asubiri.

Na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, uipime pia, lenga kati ya 6.5 na 7, hapo samaki, bakteria na mboga wote wanavumiliana. Sababu ya kuisisitiza ni kwamba pH ikipanda toka 7 kwenda 8, sehemu ya amonia yenye sumu kali inazidi karibu mara 10, na maji yakipata joto inazidi tena, kwahiyo kipimo kile kile cha amonia ambacho asubuhi hakikuwa na shida kinaweza kuua mchana ndani ya grinihausi.

Vifaa sasa. Kwa familia tangi moja la lita 1000 linatosha, yale meupe ya mraba yenye kizimba cha chuma yanauzwa yakiwa yametumika, ila uliza lilibeba nini, kama muuzaji hajui ama linanuka dawa achana nalo kabisa, hata kwa bei ya chini. Lifunike lisipate jua, mwanga ukiingia mwani unaota na maji yanakuwa kijani. Maji ya bomba yana klorini, hiyo inaua samaki na hao bakteria tunaowahangaikia, kwahiyo yaache kwenye chombo wazi siku 1 mpaka 2 yakipuliziwa hewa ya pampu kabla hujayatumia. Maji ya mvua ni mazuri lakini hayana madini mengi, pH yake inashuka haraka, mimi napendelea uyachanganye na ya kisima.

Kitanda cha mboga kiwe na kina cha sentimita 30, kokoto za ukubwa wa milimita 8 mpaka 20. Hapa tafadhali usikimbilie lori la kwanza. Chukua kokoto kumi hivi, zioshe, weka kwenye kikombe umwagie siki, ukiona vipovu vinapanda na kusikia kitu kinachemka kidogo basi hiyo ina chokaa, pH yako haitatulia hata ufanye nini. Isipotoa povu, chukua. Watu wa Kisoro mna mawe ya volkano, mepesi na yana vitobo vingi vya bakteria kukaa, nyie mko vizuri kuliko sisi.

Pampu iweze kuzungusha maji ya tangi lote mara moja kwa saa, na ujue kile kilichoandikwa kwenye boksi ni kabla ya kupandisha maji juu, kwahiyo kwa tangi la lita 1000 nunua ya lita 2000 usibanane.

Hesabu ya samaki ndiyo watu wanaharibu wakishapata maji mazuri. Tamaa inasema 200, mimi nasema anza na 30. Angalia: mita 3 za mraba za mboga za majani kama sukuma, dodo ama nakati zinamaliza mbolea ya gramu 120 mpaka 150 za chakula cha samaki kwa siku. Samaki 30 wakifika gramu 300 hivi ni kama kilo 9, na wakubwa wanakula asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 90 mpaka 180, usipitishe 150 na unabaki ndani ya hesabu. Ukizidisha samaki bila kuongeza vitanda sumu inabaki majini. Wape kile wanachomaliza kwa dakika 20, kinachobaki kitoe. Na chakula chenye ukungu kitupe, usihurumie pesa.

Ngege ama kambare? Ngege ananunulika na kila mtu, chukua madume watupu kwa sababu wakichanganyika wanazaana mpaka tangi linajaa vidogo visivyokua. Lakini ngege anataka oksijeni, na sisi tunajua stima yetu. Ikikatika usiku, alfajiri utawakuta wote wako juu midomo wazi wanahema, na usipofanya kitu kwa saa chache wanaisha. Kambare ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, anavumilia hayo. Kwa anayeanza na hana betri ya akiba, kwa maoni yangu aanze na kambare, ila awapange kwa saizi manake mkubwa anamla mdogo, na afunike tangi kwa wavu wanaruka. Anayetaka ngege anunue kwanza betri na kipampu kidogo cha hewa, kabla hata ya nailoni. Vifaranga tafuta kwa wazalishaji wanaoaminika, Kajjansi barabara ya Entebbe kuna kituo cha utafiti wa ufugaji samaki ukaulize huko, au ongea na afisa wa samaki wa wilaya yako.

Grinihausi yenyewe, Kampala na Jinja shida siyo baridi, ni joto kuzidi. Nailoni juu dhidi ya mvua, pembeni weka wavu wa wadudu upepo upite, na tangi likae upande wenye kivuli kwa sababu maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 30 ni pungufu kuliko nyuzi 20 kwa karibu asilimia 17. Kabale na Kisoro ni kinyume chake, kule funga pembeni usiku, ngege anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30, yakishuka chini ya 20 anakula kidogo sana.

Baada ya miezi kadhaa utaona majani machanga yanakuwa manjano lakini mishipa yake bado kijani, hayo ni madini ya chuma yamepungua, nunua ile mbolea ya chuma inayoyeyuka majini (iron chelate), usitupie misumari. pH nayo itashuka polepole kwa kazi ya bakteria, ning'iniza mfuko wa maganda ya mayai yaliyosagwa.

Dawa ya wadudu usipulizie. Hata ile ya pareto ambayo watu wanaisifu kuwa ya asili inaua samaki kwa kiasi kidogo sana, okota viwavi kwa mkono, osha vidukari kwa maji. Na mboga za kuliwa mbichi zisilowe maji ya tangi kwenye majani, zioshe kwa maji safi, na anayetaka kuingiza mkono tangini anawe kwa sabuni alafu ajisuuze vizuri, sabuni nayo ikiingia mule ndani inaua samaki.