Kingamwili za Wachangiaji Damu na Kuambukizwa Upya: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ukikutwa na kingamwili za UVIKO-19 mara mbili, umeambukizwa mara mbili.

Si hivyo. Kingamwili za IgG, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, hukaa mwilini miezi kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo jibu chanya la pili huenda ni masalia ya ugonjwa ule ule. Kinachotafutwa ni mwenendo wa kiwango ndani ya mtu mmoja: kinapanda, kinashuka taratibu, kisha kinapanda tena bila chanjo kuhusika.

Hapo ndipo wachangiaji damu wa mara kwa mara wanapokuwa hazina, na kwa maoni yangu hawashukuriwi vya kutosha. Kila wakichangia huacha sampuli yenye tarehe, hata kama maambukizi yaliwapitia bila dalili. Tuseme kiwango cha kingamwili cha mmoja wao kilisoma 5.0 Julai, 1.1 Novemba na 4.2 Februari. Kwenye kipimo cha UVIKO-19 cha kampuni ya Abbott, kinachotafuta kingamwili dhidi ya protini ya N (iliyo ndani ya kirusi), chanya huanzia 1.4. Ukitazama Novemba peke yake, utasema hajawahi kuambukizwa. Ukitazama Februari peke yake, utasema aliambukizwa mara moja. Zipange zote tatu, zinachora herufi V: ishara ya kuambukizwa mara mbili.

Dhana: Mji ulioambukizwa sana hauwezi kupigwa tena.

Manaus, Brazili, ulipigwa tena. Kwa kutumia damu ya wachangiaji, watafiti walikadiria kuwa asilimia 76 ya wakazi walikuwa wameambukizwa kufikia Oktoba 2020. Januari 2021 hospitali zilifurika na oksijeni ikaisha; kirusi aina ya Gamma kilikuwa kimeingia. Sampuli za wachangiaji wa mara kwa mara ambao hawajachanjwa zilipofuatiliwa, asilimia 17 hivi ya maambukizi yaliyodhaniwa kuwa ya Gamma yalionekana kuwa ya mara ya pili. Zilipojumuishwa V zisizo wazi sana, makadirio yalipanda hadi asilimia 31. Ni makadirio, kwa sababu kingamwili haisemi ni aina gani ya kirusi iliyoiamsha. Hilo hujulikana kwa kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe.

Dhana: Baada ya chanjo, kipimo hakina maana tena.

Inategemea chanjo. Pfizer na AstraZeneca hufundisha mwili kutambua protini ya S tu (miiba iliyo nje ya kirusi), hivyo kingamwili za N zikipanda, chanzo ni maambukizi. CoronaVac imetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, nayo huweza kupandisha za N pia. Bila rekodi ya chanjo ya mchangiaji, V yake haiaminiki.

Dhana: Kingamwili zikishuka, kinga imekwisha.

Chembe za kinga zinazokumbuka kirusi hubaki, na kipimo cha kingamwili hakizioni.

Dhana: Damu ya aliyeambukizwa upya ni hatari kwa mgonjwa.

UVIKO-19 huenea kwa njia ya hewa. Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kuupata kwa kuongezewa damu. Mwenye homa au kikohozi huombwa asubiri apone kwanza, ndipo achangie.