Mtoto hachelewi kuongea eti kwa sababu mlimuongelesha kitoto

Wiki haipiti bila mzazi kukaa mbele yangu, mtoto kampakata, namuuliza nyumbani mnaongea naye vipi, na najibiwa kwa fahari kabisa: "Sisi hatumuongeleshi kitoto daktari, tunaongea naye kama mtu mzima, tumeambiwa ile sauti ya kitoto inachelewesha." Kwanza mimi sio daktari, natibu usemi, lakini hiyo tuiache. Nani anawaambia haya mambo? Maana nikichimba kidogo nakuta huko "kuongea kama mtu mzima" kwenyewe ni mtoto wa miezi 10 anaambiwa kaa, acha, kula, usishike, lala. Siku imeisha. Bibi yake alikuja kutoka mkoani akawa anamchezesha "nani huyo kasimama dedeee", akaambiwa aache anamharibu mtoto. Jamani bibi ndo alikuwa anafanya kazi!

Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna sauti, na kuna kuharibu maneno. Ile sauti ni pale unapopandisha sauti juu, unapunguza spidi, unavuta irabu, uso wote unacheka, lakini maneno ni yaleyale ya kila siku na sentensi imekaa sawa. "Kiatu kiko waaapi? Hikiii hapa! Kiatu cha nani? Cha Ashaaa!" Hapo hakuna neno hata moja lililoharibika, tena mtoto kasikia kiatu mara mbili ndani ya sekunde chache, kasikia ki-ki-cha vinavyofuatana na kiatu, na kapewa nafasi ya kuangalia mdomo wako. Kuharibu maneno ni ile "ntoto wa mama anachaka machi?" Hiyo nitaifikia.

Kuhusu sauti mjadala ulishaisha zamani. Mtafiti Anne Fernald mwaka 1985 aliwapa watoto wa miezi 4 uchaguzi, akigeuza kichwa upande mmoja anasikia mama akiongea na mtoto, akigeuza upande wa pili anasikia mama akiongea na mtu mzima mwenzake, na watoto waligeukia zaidi upande wa sauti ya kitoto. Kwa hiyo kwanza kabisa inamfanya akusikilize, na asiyesikiliza atajifunzaje? Halafu 1997 Patricia Kuhl na wenzake wakapima jinsi akina mama wa Marekani, Urusi na Sweden wanavyotamka wakiongea na watoto wao, wakakuta irabu za i, a na u zimevutwa na kutenganishwa kuliko wanapoongea na watu wazima. Yaani mtoto anaoneshwa kwa ukubwa tofauti ya sauti moja na nyingine. Sasa fikiria Kiswahili chetu ambacho karibu kila silabi inaishia na irabu.

Na ambaye bado anabisha, 2020 timu hiyohiyo ya Kuhl kule Seattle, utafiti ukiongozwa na Naja Ferjan Ramírez, iliwafundisha wazazi namna ya kuongea hivi mtoto akiwa na miezi 6, 10 na 14, wengine hawakufundishwa. Kufika miezi 18 watoto wa waliofundishwa walikuwa na wastani wa maneno kama 100, wale wengine kama 60. Wazazi hawakununuliwa midoli wala tableti. Waliambiwa waongee kwa ile sauti na wampe mtoto zamu ya kujibu.

Hiyo zamu ndo ugonjwa wangu mimi, wanaokuja kwangu wanajua. Ukishauliza "kiatu kiko wapi?" NYAMAZA. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, mwangalie usoni, akitoa hata "a" au akanyoosha kidole hiyo ni zamu yake kaitumia, mjibu. Wazazi wengi hawawezi, wanauliza wenyewe wanajibu wenyewe wanaendelea na simu, halafu wanashangaa mtoto haongei, ataongea saa ngapi sasa?

Haya, kuharibu maneno. Mtoto mdogo anayesikia lugha iliyonyooka siku nzima, ukimwambia "machi" badala ya maji mara moja moja hutamchelewesha, mtu asikutishe. Ila humsaidii chochote, na akifika miaka mitatu minne akawa anahangaika kunyoosha matamshi, halafu nyumba nzima inamwiga kwa sababu eti anachekesha, anarekodiwa video akisema "thikamoo" na wajomba wanamrudishia "malahaba thana", hapo mimi nakasirika kabisa. Atajuaje lipi ndilo? Akisema thikamoo mwitikie "marahaba" iliyonyooka, cheka ukitoka nje.

Tena msiyatupe maneno kama dede, tete, nyonyo, tata. Hayo sio maneno yaliyoharibika, ni maneno ya watoto toka enzi, na yana silabi inayojirudia. Mitsuhiko Ota na wenzake wa Edinburgh mwaka 2018 walifuatilia watoto 47 wanaosikia Kiingereza, waliokuwa wanasikia zaidi maneno ya aina hiyo ya kujirudia, msamiati wao ulikua haraka zaidi kati ya miezi 9 na 21. Akikua atayaacha mwenyewe, sijaona mtu mzima anaomba nyonyo benki.

Mengine ninayoambiwa na wazazi nayapitia harakaharaka maana nimeshachoka nayo.

"Akikosea msahihishe arudie mpaka apatie." Hapana. Watoto wa Kiswahili wanaanza kwa kuangusha vile viambishi vya mwanzo, kama ile nina- ya "ninataka", na mtafiti wa lugha Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wa Nairobi akakuta hivyohivyo, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili akisema "taka maji" yuko njiani vizuri tu. Mrudishie ikiwa nzima, "unataka maji? haya, mama anakuletea maji", mpe maji. Ukimnyima kikombe mpaka aseme "ninataka" utapata kilio, sarufi hupati.

"Lugha mbili zinamchanganya." Hazimchanganyi. Kama bibi anaongea Kichaga aongee Kichaga, na wewe ambaye Kiingereza chako ni cha kuungaunga usikigeuze lugha ya nyumbani kwa sababu ya shule, ongea ile inayokutoka yenyewe.

"Katuni zinamfundisha." Katuni haisubiri zamu yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema chini ya miaka miwili skrini hazipendekezwi, kuanzia miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na kwenye tivi inayowaka sebuleni tangu asubuhi, hiyo saa moja mnaimaliza kabla ya chai.

"Akatwe uzi wa chini ya ulimi." Ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua kunyonya, na kwa wachache baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtoto kuwa na maneno. Asiyesema hata mama hana shida ya uzi, na msimpeleke kukatwa mtaani na wembe.

"Wavulana wanachelewa, hata baba yake alichelewa." Tofauti ipo lakini ni ndogo, haifiki miaka mitatu kimya. Na kama baba kweli alichelewa ndo sababu ya kumleta mapema. Miezi 12 habwabwaji wala haoneshi kwa kidole wala hapungi mkono, miezi 18 hana neno, miaka miwili haungi maneno mawili kama "mama njoo", au umri wowote alikuwa na maneno yakapotea, mlete. Ila kabla ya kuja kwangu akapimwe masikio na kifaa, sio kupigiwa sufuria nyuma ya kichwa mkaona kashtuka mkasema anasikia. Mlio mkubwa wa sufuria anaweza akausikia vizuri tu na bado s na sh zikawa hazimfikii kabisa, kwa hiyo njoo na majibu ya kipimo mkononi ndo tuanze.